Benzi lisilozimika: kwa nini watu wazima na akili zao hupenda magari makuukuu

Mzee mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ana Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1983, rangi ya krimu. Jioni akifika kijiweni hulisogeza chini ya mwembe, anageuza ufunguo, anauchomoa, anautia mfukoni. Injini inaendelea kunguruma. Yeye anashuka bila haraka, anafungua boneti, anapeleka mkono hadi kwenye pampu ya dizeli na kusukuma kiwiko kidogo kilichoandikwa STOP. Hapo ndipo kimya kinapoingia, na watu wanarudi kwenye bao lao.

Mara ya kwanza kuona kioja hicho nilimuuliza kama gari halistahili kwenda gereji. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. "Mwanangu, gari bovu ni lile linalokataa kuwaka. Hili linakataa kulala tu."

Nilicheka, lakini jibu lake lina ufundi ndani yake. Injini ya petroli inaishi kwa cheche za pulagi. Kata umeme, imekufa. Dizeli ya zamani haihitaji cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto mno, dizeli inapulizwa, inawaka yenyewe. Ikishawaka, hata betri ukiitoa itaendelea kuunguruma ilimradi inapata mafuta na hewa. Kwa hiyo wahandisi wa Benzi walilazimika kutafuta njia ya kuikatia mafuta, na waliyoichagua ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Pampu ndogo kwenye injini hunyonya hewa kwenye mipira myembamba. Ukizima ufunguo, mvuto huo unavuta kiwambo, kiwambo kinavuta kiwiko, mafuta yanakatika. Na kwa kuwa mvuto ulishakuwepo, wakautumia pia kufungia milango yote kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba mpira mmoja uliopasuka ndani ya mlango wa nyuma, wenye unene wa kalamu, unaweza kufanya injini iliyo mbele ikatae kuzima.

Ukisimuliwa unaona uchawi. Ukikaa nalo nusu saa na fundi mwenye subira, unaweza kuufuata mpira huo kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa ya mapenzi ninayotaka kuyaeleza hapa imekaa hapo, kwenye gari ambalo kosa lake lina mahali, na mahali penyewe pana njia ya kufika. Lakini si yote, maana watu wanaosema "napenda magari ya zamani" huwa wanasema mambo matatu au manne tofauti kwa sentensi moja, na kuchanganya mambo hayo ndiko kunakowafilisi vijana.

Tuanze na neno mkweche. Kiswahili hakina huruma na gari lililozeeka: mkweche ni mkweche. Hata hivyo mtu huyohuyo anayekiita hivyo kigari cha jirani cha mwaka 1996 atasimama kando ya barabara ya Lumumba kulitazama Benzi la mwaka 1986 likipanda kutoka stesheni. Tofauti haiko kwenye umri. Wapenzi hawapendi uzee. Wanapenda gari ambalo siku lilipotoka kiwandani lilikuwa kileleni, kwa starehe au kwa kasi, na ambalo muda umelishusha bei bila kulishusha hadhi. Ni kama mtu anunue nyumba ya gavana kwa bei ya chumba na sebule. Kitakachomshinda ni kupaka rangi.

Kushuka huko kwa bei kuna sababu za kawaida kabisa. Mnunuzi wa kwanza wa gari la kifahari hununua upya wake na macho ya watu. Toleo jipya likitoka, macho yanahama, naye anahama nayo. Huko Japani, yanakotoka magari mengi tunayoendesha, ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken humkuta mwenye gari jipya baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na bili yake si ndogo. Gari likifika miaka 13 na kodi yake ya mwaka inapanda. Mjapani anapiga hesabu, anaona bora aliuze. Gari linafika Bandari ya Dar es Salaam likiwa na viti vya ngozi ambavyo havijapasuka, na baada ya kupita mikono mitatu minne ya Watanzania, dalali anakutajia bei ya IST, kigari kidogo cha Toyota.

Hapo ndipo mtego ulipo. Bei ya gari huzeeka. Bei ya spea zake haizeeki. S-Class, Benzi la kifahari kuliko mengine, iliyouzwa mpya kwa bei ya majumba bado ni S-Class kwenye kaunta ya duka la spea. Kizazi cha W220, kilichotoka mwaka 1998, hakina springi za kawaida. Kinaelea juu ya mifuko ya hewa. Mifuko ikizeeka inavuja usiku, na asubuhi unalikuta gari limepiga magoti uani kama ngamia anayesubiri kupakiwa mzigo. Mfuko mmoja unaweza kukugharimu pesa ambayo mwenye IST hubadilisha nayo mguu mzima, shokapu, bushi na boljointi, na bado akabaki na ya vocha. Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake. Kwenye Benzi la namna hii, ua ni ghali kuliko boga.

Kuna wanaojifariji kwamba gari litapanda thamani. Wamesikia kuwa mwaka 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa kwa yuro milioni 135. Ni kweli iliuzwa. Lakini za aina ile zilitengenezwa mbili tu duniani. Benzi za kizazi cha W123, ambacho ndicho cha mzee wetu, zilitoka karibu milioni 2.7 kati ya mwaka 1975 na 1986. Huwezi kufanya adimu kitu kilichokuwa teksi ya nusu ya dunia. Anayenunua W123 Kigoma ili aje atajirike, simshauri. Anayenunua ili aendeshe, tunaweza kuzungumza.

Na kwa nini ishike mioyo hivyo, teksi hiyo? Nguvu zake ni za kuchekesha. 240D ya mwaka 1983 ina nguvu za farasi 72, na mtu aliyezoea gari la kisasa ataona inapanda mlima kwa kutafakari. Jibu liko kwenye pampu ileile. Nozeli za dizeli ya zamani hufunguka kwa shinikizo la kama bar 115 hadi 135. Mwaka 1997 dizeli za mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la shinikizo linalolisha nozeli zote, zilipoingia kwenye magari madogo, shinikizo lilifika bar 1,350, na leo zipo zinazopita 2,000. Shinikizo kubwa linapuliza mafuta laini kama ukungu, gari linakuwa na nguvu, halitoi moshi, halili sana. Ila kwa shinikizo hilo chembe ya uchafu usiyoiona kwa macho inafanya kazi ya msasa, na tone la maji kwenye dizeli ni sumu. Sasa fikiria dizeli iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, ikashushwa, ikahifadhiwa, ikapimwa kwa dumu kijijini. Dizeli kongwe inapiga chafya na kuendelea. Dereva wa teksi wa Ugiriki aliifikisha 240D yake ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6 na ikaishia makumbusho ya Mercedes. Alikuwa na injini zaidi ya moja za kubadilishana, tusidanganyane, lakini bodi ilikuwa ileile.

Wapenzi wa Benzi husema kulikuwa na enzi, na mimi nakubaliana nao kwa sehemu. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa kampuni ile walichora kwanza, wahasibu wakasoma baadaye. W126 ya mwaka 1979, W124 ya mwaka 1984 yenye waipa moja tu inayojinyoosha na kujikunja ili ifagie asilimia 86 ya kioo, halafu W140 ya mwaka 1991 yenye vioo vya tabaka mbili ili makelele yabaki nje. Mlango wa W124 ukiufunga haulii "pa!" bali "duf", kama gunia la mahindi lililoshushwa polepole. Kisha mwaka 1989 Toyota ikapeleka Marekani Lexus LS400, V8 iliyotulia kama maji ya mtungi, kwa dola 35,000, na Wajerumani wakalazimika kuanza kuhesabu senti. Wengi huutaja mwaka 1995, ilipotoka W210 yenye macho ya duara na mabati yanayopenda kutu, kuwa mwisho wa sherehe.

Nasema kwa sehemu kwa sababu enzi hiyo tukufu nayo ina majeraha yake. W124 za mwishomwisho, kati ya mwaka 1992 na 1995, zilifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake lilitengenezwa liweze kuoza kirafiki kwa mazingira. Liliwahi kuoza kabla gari halijafa. Unagusa waya, ganda linapukutika kama ukoko wa ugali, nyaya zinagusana, injini inatetemeka na hakuna mashine ya kupimia itakayokuambia ukweli. Ukisikia mtu anasema "Benzi za zamani haziharibiki", muulize ya mwaka gani.

BMW ndiyo inayotesa kwa namna nyingine. E39, iliyotoka mwaka 1995, huenda ndiyo sedani tamu kuliko zote za kizazi chake kwa namna usukani unavyozungumza na mkono. Tatizo, mfumo wake wa maji umejaa plastiki: tangi, viunganishi, hata nyumba ya themostati. Plastiki inayochemshwa na kupozwa kila siku kwa miaka 25 haivuji kwanza ili ikuonye, inapasuka. Barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu ina lami na kona tamu zinazopanda milima ya Buhigwe, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuendeshea E39, wala pabaya zaidi pa kukuta mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Dakika tano za kujikaza kiume "nifike tu pale juu" zinapinda silinda hedi. Mwenye E39 mwenye busara hubadilisha plastiki zote hizo kabla hazijadai.

Kundi jingine halina habari na Wajerumani. Hao ni wa Toyota za Mark II, Chaser, Crown na Altezza, vijana wengi, na wanachokipenda ni injini. Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaliendesha bila kulijua. Mark II ya kawaida yenye injini ya 1G, ile ya CC 1,988, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Gari la CC chini ya 2,000 lenye silinda sita ni anasa, na Toyota iliibana hapo kwa sababu kodi ya Japani inaruka ukivuka 2,000. Sita za mstari zina siri ya hesabu: pistoni ya kwanza na ya sita hupanda pamoja, ya pili na ya tano pamoja, ya tatu na ya nne pamoja, na msukumo wa jozi moja unafutwa na wa nyingine. Silinda nne haziwezi kufutana hivyo, ndiyo maana zinatetemeka. BMW walijenga jina juu ya mpangilio huu. Ukisimama kwenye taa na Mark II iliyotunzwa huhisi kama imewaka. Hapo ndipo mwenye nayo anapokanyaga kidogo ili ujue.

Juu ya hiyo kuna injini ya 1JZ-GTE, lita 2.5 zenye turbo, ya Mark II na Chaser za mwaka 1996 hadi 2000. Kwenye karatasi ina nguvu za farasi 280, kama zilivyokuwa injini zote kali za Japani za wakati ule. Si kwamba wahandisi wote waliota ndoto moja. Mwaka 1989 makampuni ya Kijapani yalikubaliana bila kuandikiana kwamba yasitangaze zaidi ya 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Waliokuwa na injini inayobeba zaidi waliifunga mdomo na kuiuza hivyo. Bloku ya chuma ya JZ inaweza kubeba zaidi sana ya inachotangaza, na ndiyo maana vijana dunia nzima wanaiabudu. Mkoani hapa turbo za kweli ni za kuhesabu kwa vidole. Nyingi ni beji imebandikwa na sailensa imetobolewa.

Halafu kuna D4. Ndugu yake JZ aliyekuja kwenye Brevis, Verossa na baadhi ya Crown, herufi za mwisho FSE, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Ni hadithi ileile ya dizeli mpya na ya zamani: mfumo mzuri kwa mafuta masafi, na adhabu kwa mafuta ya dumu. Nimesikia mafundi wawili tofauti hapa mjini wakitamka "D4" kwa sauti ambayo watu hutumia kutaja ugonjwa. Gari ni zuri, limetulia, viti vya kifalme, na liko sokoni kwa bei ya kutupa. Sasa unajua kwa nini.

Kigoma yenyewe ina mambo yake. Ulaya na Japani ya kaskazini magari makuukuu hufa kwa kutu, kwa sababu barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Pwani yetu ina upepo wa bahari. Sisi tumekaa kando ya Ziwa Tanganyika ambalo maji yake ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo mabati yanadumu kuliko unavyotegemea. Kinachoua hapa ni jua na vumbi jekundu. Jua linakausha kila kitu cha mpira na kupasua dashibodi. Vumbi linaziba rejeta kwa ndani ya mapezi hadi upepo haupiti, na mtu analaumu themostati. Vilevile spea haiko hapa. Unampigia mtu wa Ilala au Kariakoo, anakutumia picha, mnabishana kama ni yenyewe au ya kuigiza, inapanda basi, unaisubiri. Mwenye gari la namna hii huku hawezi kusubiri kitu kiharibike ndipo aagize. Wazoefu wana boksi uvunguni mwa kitanda: mikanda, mipira ya maji, pulagi, sensa moja mbili. Wake zao wanalijua boksi hilo.

Ushuru nao umechora ramani ya mapenzi haya. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari la zaidi ya miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila gari dogo la abiria likizidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na lenye injini ya zaidi ya CC 2,000 hubanwa tena. Kwa hesabu hiyo kuagiza W124 leo ni wendawazimu, hata kama Yokohama inauzwa bei ya pikipiki. Ndiyo maana wapenzi huwinda zilizokwisha kuingia zamani, zenye namba za usajili za herufi A na B, zilizolala nyuma ya nyumba za wastaafu. Mwenye kupata moja haulizi imetembea kilomita ngapi. Anauliza nani alikuwa dereva.

Na kuna heshima, tusijifanye haipo. Lugha hii ndiyo iliyowapa watawala wa Afrika Mashariki jina la Wabenzi baada ya uhuru, jina la kejeli kwa kabila jipya lililojulikana kwa gari badala ya ukoo. Mtoto aliyelitazama gari hilo likipita na vumbi lake miaka ya 1980, akiwa pembeni na madaftari kichwani, leo ana miaka 50 na anaweza kulinunua. Hanunui chuma peke yake. Sidhani ni aibu, ila ni vizuri mtu ajue analipia nini, maana kumbukumbu haina spea.

Watu wa mji huu wasione ajabu kupenda chuma cha Kijerumani kilichozeeka, wakati pale gatini tumekulia na meli ya MV Liemba. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa makasha hadi mwisho wa reli na kuungwa upya hapa. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa vita waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka injini grisi nzito kwanza, kwa matumaini ya kuja kuiopoa. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, wakaikuta mashine bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Vyaelea vimeundwa, naam, na vingine vimepakwa grisi na mtu aliyekataa kuviua.

Basi kama baada ya yote haya bado unalitaka, jambo moja la vitendo. Usiende na fundi wa muuzaji, usikubali kukutana njiani, na usitoe taarifa ya saa kamili. Fika asubuhi, na kabla hujamsalimia sana, weka kiganja juu ya boneti. Injini kongwe husema ukweli ikiwa ya baridi tu: moshi wa bluu wa kula oili, mlio wa cheni iliyolegea, dizeli inayowaka kwa tabu. Muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika. Ukikuta boneti la vuguvugu, msifu rangi, kunywa chai yake, uage. Rudi kesho kabla ya jua, na safari hiyo usimpigie simu.